Bonde la kihamba chetu Kibosho: ni miti gani hukaa pamoja?

MwlBondeni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa watu walioujua msitu wa mlima wetu Kilimanjaro kwa miguu yao.

Mimi ni mwalimu hapa Moshi mjini. Shangazi yangu alifariki mwaka juzi akaniachia kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichaga, huko Kibosho, simu inasema ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Juu kuna migomba na kahawa, kisha ardhi inashuka ghafla mpaka kwenye kijito kinachoingia Karanga. Hilo bonde ndilo linaloninyima usingizi.

Nilipokuwa mdogo tulishuka pale na ndoo kila likizo. Ukifika katikati ya njia baridi inakupokea, na jua hulioni tena mpaka urudi juu. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa mno, shina lake lilikuwa na mbavu kama kuta, tukijibanza watoto watatu kati ya mbavu mbili na shangazi anatutafuta hatuoni. Majani ya chini yalikuwa na matone mpaka saa sita mchana. Mbega walikuwepo. Leo ukisimama kwenye migomba unayaona maji moja kwa moja, hakuna cha kukuzuia macho. Mti ule uliuzwa wakati mjomba alipougua, mingine ikaufuata mmoja mmoja, kuni leo, mbao kesho. Baadaye mradi mmoja ukapita ukigawa mikaratusi bure. Iko kumi na moja, imezunguka chemchemi, na chemchemi yenyewe ikifika Septemba ni tope.

Desemba mwaka juzi nilinunua miche 40, podo 20 na loliondo 20, kwa sababu nilisoma kwamba msitu wa mvua wa mlimani ni mchanganyiko wa miti migumu. Nilifyeka bonde lote likawa safi, nikapima mita tatu kwa tatu kwa kamba, nikapanda kwa mistari. Kufikia mwanzo wa Machi ilikuwa imekufa 31. Tisa iliyobaki ina rangi ya majani ya chai yaliyokauka. Jirani anasema udongo umechoka. Bwana mmoja wa kilimo ameniambia nipande mikaratusi zaidi kwa kuwa "inakubali". Sitaki.

Swali langu: katika msitu ule wa asili, ni miti gani hukaa pamoja, ipi huanza na ipi hufuata, na chini yake kuna nini? Nataka bonde lile lirudi jinsi lilivyokuwa, hata kama nitakaloliona mimi ni mwanzo tu.

Fundi Randa

Mwalimu, pole na msiba. Nisahihishe kitu kimoja kuhusu mbao kwa sababu ndiyo kazi yangu, niko Majengo hapa hapa.

Podo siyo mti mgumu. Loliondo ndio mgumu hasa, ukiuranda meno ya mashine yanalia. Podo ni laini, na kwa wataalamu wa mimea iko upande mmoja na mwangati na msindano, miti isiyotoa maua ya kawaida. Kwa hiyo ulichanganya watu wa koo mbili ukidhani ni ndugu. Halafu kuna kamfa, yaani mkulo. Hiyo ndiyo iliyobeba jina la Kilimanjaro kwa mafundi wa zamani. Nina kabati la marehemu baba la kamfa, ukilifungua harufu bado ipo na mdudu hajawahi kuligusa. Tangu 1984 kuvuna miti ya asili kwenye msitu wa mlima kulipigwa marufuku, na kwa kweli ilikuwa imechelewa. Mkulo niliozoea kuuona kwa upana, mtu na mkewe hawawezi kuukumbatia.

Ya kupanda siyajui, nawaachia wenyewe.

Mpagazi Mstaafu

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili na nimeumia. Nilibeba mizigo miaka 11, kisha nikawa mwongozaji miaka 16, njia za Umbwe, Machame na Mweka. Wageni huja kwa ajili ya barafu. Siku ya kwanza, ya msituni, wengi huipita wakiuliza bado saa ngapi tufike kambini. Mimi siku hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nimeipita mara nyingi kiasi cha kuijua miti kwa sura kama mtu anavyowajua majirani zake.

Udongo wako hauna kosa. Uliwaleta wazee wakae juani kabla hakujawa na nyumba.

Nianze juu ili nishuke mpaka kwako. Ukiingia msituni kwa upande wetu wa kusini, sehemu iliyowahi kukatwa inajulikana mara moja: imejaa mti mmoja wenye jani pana, shina jembamba lililonyooka, yote umri mmoja. Huo ni Macaranga kilimandscharica. Watu wanaudharau kwa kuwa mbao zake hazina bei. Lakini ndio mti unaokuja kwanza penye kidonda. Unaota juani, unakua haraka, na chini yake ndipo giza na unyevu vinarudi. Ukiendelea kupanda, kuanzia kama mita 1,700 hivi mpaka 2,500, unaingia kwa mkulo wenyewe. Ganda lake la kahawia nyekundu linabanduka vipande vipande, na jani ukiligeuza chini ni jeupe. Lifikiche, lina harufu ya dawa ya kuchua.

Sasa sikiliza jambo hili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha mkulo mmoja kando ya njia ya Umbwe, mahali tulipozoea kupumzikia. Nilidhani umekwisha. Safari iliyofuata nikaona machipukizi, na hayakutoka kwenye kisiki. Yalitoka kwenye mzizi, umbali wa hatua nne, kisha mengine mbele zaidi, yamepangana kufuata mzizi ulivyopita chini ya udongo. Nilihesabu saba. Kila nilipopita nilisimama kuyaangalia, wapagazi wenzangu wakanizoea. Mwaka nilioacha kazi yalikuwa yamebaki mawili, mazito kama paja langu, marefu kuliko nyumba. Mkulo hivyo ndivyo unavyojirithisha kwa sehemu kubwa, kwa mizizi. Mbegu zake wadudu wanaziharibu na zinapoteza uhai upesi. Ndiyo maana ukikata mkulo na kung'oa mizizi umekata ukoo. Na ndiyo maana siwezi kukwambia uununue kwenye kitalu ukaupande bondeni kama mwembe.

Katikati ya mikulo kuna wengine: Syzygium, ambao ni ndugu wa mzambarau, kuna Ilex, na kuna mti wa Schefflera unaoanza maisha juu ya tawi la mwenzake kisha unateremsha mizizi mpaka chini. Chini yao kuna makangaga yenye shina, marefu kumpita mtu, na begonia inayopanda kwenye mashina na maua yake meupe. Magome ya miti yamevikwa vijimmea vya kijani vilaini kama zulia, na ndevu zinazoning'inia. Kuna kijimmea kimoja cha jamii ya makangaga nilichokuwa nawaonyesha wageni waliokuwa tayari kusimama. Jani lake ni jembamba kiasi kwamba ukiliinua juu unaona kidole chako upande wa pili, kwa sababu unene wake ni seli moja tu. Liweke juani dakika chache linajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Likiwepo hilo ujue hewa ya mahali hapo haijakauka kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa silipimi kwa kifaa, nalipima kwa jani hilo.

Juu zaidi ya mkulo, karibu na mita 2,600, ndipo podo inatawala, ikiwa imevaa lile zulia la kijani mpaka vidoleni. Kisha juu kabisa inakuja miti ya Erica yenye majani kama sindano fupi. Huko mvua ni kidogo kuliko kwenye mkulo, lakini ukungu unapita kati ya matawi unageuka matone. Moto umekula sehemu kubwa ya ile Erica tangu miaka ya sabini, na maji yanayokosekana huku chini yana uhusiano na moto ule.

Sasa tushuke kwako, mita 1,400. Msitu wa kimo hicho upande wetu ulikwisha zamani, tuliugeuza vihamba. Uliobaki umejificha kwenye makorongo, na wewe ulikuwa na kipande chake. Watu wa bondeni kwa kimo hicho ni hawa: mfuruanje, msesewe, mkuyu kandokando ya maji, mringaringa, Newtonia yenye vijani vidogo vidogo, na mfalme wao, mkukusu. Mtafiti Andreas Hemp alipima mkukusu mmoja kwenye korongo la mlima huu huu wenye mita 81.5, habari zake zilitoka 2016, na ndio mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Uko kwetu, mwalimu. Umesimama kwenye korongo kama lako kwa sababu korongo lilikuwa na mteremko mkali kiasi kwamba mwenye msumeno hakuufikia.

Ule mti wako wenye mbavu unaweza kuwa mkukusu au mkuyu. Jaribu kukumbuka matunda. Mkuyu una tini. Mkukusu tunda lake ni gumu kama ubao, refu kama ndizi nene, linaning'inia, likikomaa linapasuka vipande vitano kuanzia nchani na ndani yake kuna mbegu zenye bawa.

Kuhusu kuanza. Usifyeke tena. Ile magugu uliyosafisha ndiyo ilikuwa inaficha udongo. Anza na mfuruanje na msesewe, halafu kila mche unaojiotea wenyewe uachie. Usipange mistari, ukipanda msesewe mmoja, mwingine uuweke pale mteremko unapokupa kishimo chenye unyevu. Mwaka wa tatu au wa nne, kivuli kikishashika, ndipo ulete loliondo chini yake. Yale masale ya mpaka wa kihamba chako, yapeleke nayo bondeni. Sisi Wachaga tunayaheshimu, tunaombea msamaha kwa jani lake na tunawekea mpaka, lakini asili ya jamii yake ni mmea wa kivulini, wa chini ya msitu. Na ukiangalia vizuri, kihamba chenyewe babu zetu walikipanga kwa kufuata msitu: mfuruanje juu, chini migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi. Kwa hiyo elimu unayo tayari nyumbani.

Mama Kitalu Tengeru

Mwalimu habari, shikamoo Mzee Mpagazi.

Naongezea ya kitaluni tu. Nina kitalu hapa Tengeru mwaka wa tisa sasa na nimeona watu wengi wakilia kama wewe.

Podo na loliondo zako zilikuwa kwenye kivuli cha neti kwangu au kwa mwenzangu mpaka siku ulipozinunua. Ukazitoa Desemba ukaziweka juani, mvua za vuli zimeshaondoka, Januari na Februari zikazikuta mizizi haijatoka kwenye umbo la mfuko. Hata zingekuwa na udongo wa peponi zingekufa. Miti ya asili kwa huku kwetu ipandwe mvua za masika zikishaloweka ardhi kweli, Aprili, siyo ile mvua ya kwanza ya kudanganya.

Mfuruanje: mbegu zake ni rahisi, loweka kwenye maji usiku mmoja, zitaota. Ni jamii ya kunde kwa hiyo unarutubisha udongo. Msesewe: tunda lililoiva oshea nyama yote, panda mbichi. Mringaringa nao hivyo hivyo. Mkonde-konde, mwalimu, nakuomba uweke hata mitano. Huo ndio Prunus africana. Ganda lake linatafutwa nchi za nje kwa dawa ya tezi dume na watu wameichuna miti ikiwa hai mpaka imekauka. Tangu 1995 biashara yake inasimamiwa kwa mkataba wa kimataifa wa CITES. Mbegu yake haisubiri. Ukiiweka kwenye bahasha miezi mitatu ukaja kuniuliza mbona haioti, nitakusikitikia tu. Panda wiki hiyo hiyo.

Na tafadhali usiende kung'oa miche ndani ya hifadhi. Tangu 2005 msitu wote ule umeingizwa kwenye hifadhi ya taifa, ni kosa, na pia mche unaong'olewa msituni hufa mara nyingi kuliko unaokuzwa. Okota mbegu kwenye miti ya majirani. Vihamba vya Kibosho na Machame bado vina miti mama mingi kuliko watu wanavyodhani.

Loita

Nimevutiwa na mada. Mimi niko Ngaramtoni, nimepanda Meru mara kadhaa na Kilimanjaro mara moja kwa njia ya Machame. Kitu kilichonishangaza: huku Meru tuna ukanda wa mianzi, huko kwenu kusini mwa Kilimanjaro nilipita msitu wote sikuona hata muwa mmoja wa mwanzi. Mvua ipo, baridi ipo, ukungu upo. Kwa nini? Na je, mwalimu hawezi kupanda mianzi kuzunguka chemchemi? Inakua haraka.

Mpagazi Mstaafu

Loita, umeona jambo ambalo wengi hulipita. Huyo mtafiti niliyemtaja analieleza hivi: mwanzi wa mlimani unapenda mahali palipovurugwa na wanyama wakubwa, ndovu na nyati, wanaovunja miti na kufungua nafasi. Meru wapo. Upande wa kaskazini wa Kilimanjaro wapo, na mianzi kidogo iko huko. Upande wetu wa kusini makorongo ni marefu na makali mno, ndovu hapiti, na vijiji vimeziba chini. Kwa hiyo miti ikabaki na nafasi yake.

Ninachokipenda katika maelezo hayo ni kwamba mnyama asiyekuwepo naye anahesabika kwenye msitu. Ukitaka kujua kwa nini mti fulani upo, uliza pia nani hapiti hapo.

Mianzi kwa mwalimu hapana. Siyo kwamba ni mibaya, ila bonde lile halikuwa lake. Na usiende kuchukua orodha ya msitu wa Rau kwa sababu tu uko karibu na mjini. Rau ni mzuri sana, una mvule wa kutisha kwa ukubwa na una msoo, mti ambao sehemu chache sana duniani zinao. Lakini ule unanyweshwa na maji ya chini ya ardhi, tambarare, kwenye joto. Lako linanyweshwa na mvua na ukungu. Maji ni yale yale ya mlima mmoja, lakini yanafika kwa mlango tofauti, na wakaao humo ni tofauti.

MwlBondeni

Mzee Mpagazi shikamoo, Mama Kitalu asante, Fundi, Loita, nyote asanteni. Aika sana.

Nimekaa na swali la matunda siku nne. Jana usiku nikampigia dada yangu aliyeko Tanga, nikamuuliza bila kumwambia sababu: tulikuwa tunacheza na nini kule bondeni? Akacheka akasema, "helikopta." Nikakumbuka yote kwa mara moja. Tulikuwa tunaokota vitu vya kahawia vyenye bawa moja, tunasimama pale njia inapojikunja, tunavirusha juu ya korongo vinashuka vikizunguka, na yule ambaye chake kilichelewa kugusa maji ndiye asiyebeba ndoo. Na magamba meusi yaliyopasuka tulikuwa tunayafanya mitumbwi.

Mzee, ulikuwa mkukusu. Na sisi tukauuza.

Leo asubuhi nilishuka peke yangu na daftari, sikubeba panga. Nilikaa chini nikaangalia tu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nikabidhiwe. Karibu na maji, mahali nilipokuwa nimefyeka, kuna miti midogo sita inayonifika kiunoni. Majani yake yanatoka manne manne mahali pamoja kuzunguka kijiti, marefu, yanang'aa, na nilipovunja moja likatoa maziwa meupe. Nani anaujua? Na mikaratusi niifanyeje, niiangushe yote siku moja?

Mpagazi Mstaafu

Hiyo ni misesewe, mwalimu. Hondohondo au ndege mwingine amekula tunda kwa jirani akaja kutua kwenye mkaratusi wako, akakupandia. Umewahi kununua ganda lake sokoni kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, bila kujua mti wenyewe. Sasa umekuja nyumbani kwako. Usiiguse. Hesabu miche sita ambayo huna haja ya kuinunua.

Mikaratusi usiiangushe yote pamoja, jua litaingia tena na mteremko utabaki mtupu wakati wa masika. Anza na minne iliyo karibu kabisa na chemchemi. Nenda kwanza serikali ya kijiji upate kibali, na wakikuuliza sababu waambie Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe salama, kwa hiyo wewe ndiye unayeifuata. Ukishakata, kazi ndiyo inaanza: kisiki cha mkaratusi kinachipua. Kila mwezi pita uvunje machipukizi kwa mkono yangali laini. Utafanya hivyo mwaka mmoja au miwili mpaka kichoke. Iliyobaki saba iache itoe kivuli kwa msesewe na mfuruanje, kisha uitoe miwili miwili.

Na kuhusu "tukauuza". Mimi nilibebea wakataji wa mkulo chakula nikiwa na miaka kumi na tano, kabla ya ile marufuku. Nililipwa na nikafurahi. Tuliobaki tufanye kilichobaki.

Mama Kitalu Tengeru

Mwalimu, mkukusu sijawahi kuukuza, nakwambia ukweli. Nimewahi kuomba mbegu mara mbili nikaletewa kavu zilizokaa ghalani, hazikuota hata moja. Ukiweza kupata zilizoanguka juzi, nitazipanda kwa mikono yangu na sitakutoza. Uliza wazee wa ng'ambo ya korongo, hukosi mtu mwenye mti mama.

MwlBondeni

Nimerudi, wiki mbili baadaye.

Kibali kimetoka. Mikaratusi minne imelala. Jirani aliyesema udongo umechoka ndiye aliyekuja na shoka lake kunisaidia, na kuni tumegawana.

Jumapili baada ya misa nilivuka ng'ambo kwa mzee mmoja ambaye alisoma na baba yangu. Nilipomtajia mkukusu hakuniuliza kitu, alivaa viatu vya mvua akaniongoza mpaka ukingoni mwa korongo lake. Upo. Nilisimama kwenye mbavu zake nikaona kwamba sasa siingii kati ya mbavu mbili kama zamani, lakini mkono wangu ulijua lile ganda. Kileleni kulikuwa na mbega wawili, wameninyamazia. Mzee anasema mnunuzi wa mbao amekuja kwake mara tatu na kila mara anamwambia mti siyo wake, ni wa perere wanaolia usiku.

Chini tuliokota magamba matano. Matatu yalikuwa matupu. Mawili yalikuwa ndiyo kwanza yamepasuka nchani, na kwa jumla nimepata mbegu 19, nyingine nzima, nyingine bawa limevunjika. Moja nilimpa mzee, akairusha korongoni tukaitazama wote wawili mpaka ikapotea. Nimebaki na 18, zimefungwa kwenye gazeti, ziko kabatini mahali pa baridi.

Mama Kitalu, Jumatano natoka shule saa nane. Nikipanda basi la Arusha naweza kufika Tengeru kabla ya giza. Nishukie wapi?

Mama Kitalu Tengeru

Shuka sokoni, nitakuja kukupokea mwenyewe. Gazeti ni sawa, usizihamishie kwenye nailoni zitaoza kwa jasho. Na zile zenye bawa lililovunjika usizitupe, kinachoota ni kile kiini cha chini. Mchanga wa mto nimeshauchekecha leo.